Stempu iliyogongwa muhuri haijafa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maoni kuhusu ushauri uliochapishwa hivi karibuni katika safu yenu ya vijana, ambamo wanafunzi wanaotaka kuanza kukusanya stempu walielekezwa wanunue stempu mpya peke yake, zenye gundi kamili na zisizo na tone la wino, kwa maelezo kwamba stempu ikishagongwa muhuri wa posta imemaliza kazi yake na thamani yake imekwisha. Sina shaka na nia njema ya mwandishi, na nimefurahi kuona gazeti la Kiswahili likiwakumbuka vijana wenye mapenzi na shughuli hii, ambayo wengi wanadhani ilikufa pamoja na barua za mkono. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza, na hasa anayeanzia huku kwetu mwambaoni, mimi ningemshauri kinyume chake: stempu zilizotumika ndizo zimfaazo kwanza, na hizo mpya zinaweza kusubiri mpaka macho yake yazoee kazi.

Naelewa dhana hiyo imetoka wapi. Ukifungua katalogi ya Stanley Gibbons, ambayo inategemewa sana na wakusanyaji wa stempu za nchi zilizowahi kutawaliwa na Uingereza, utakuta mbele ya kila stempu safu mbili za bei: ya kushoto ni ya stempu ambayo haijatumika, ya kulia ni ya iliyotumika, na kwa stempu za zamani ile ya kushoto mara nyingi ndiyo kubwa. Mfano unaotajwa kila mahali ni wa stempu ya kwanza duniani, ile nyeusi ya peni moja yenye kichwa cha Malkia Victoria, iliyoanza kutumika Uingereza tarehe 6 Mei 1840. Zilichapwa takriban milioni 68. Kwa kuwa enzi hizo watu wengi walikunja karatasi ya barua yenyewe na kuibandika stempu juu yake kwa nje bila bahasha, na kwa kuwa wafanyabiashara na mawakili walikuwa na desturi ya kutunza barua zao, zilizotumika zimesalia nyingi. Zilizobaki bila kutumika ni chache, kwani ni nani angeinunua stempu na kuiweka kabatini wakati ambapo hapakuwa na aliyewahi kusikia habari za kukusanya stempu? Ndiyo maana leo bei ya isiyotumika ni mara nyingi ya bei ya iliyotumika.

Hayo ni kweli, lakini yanachothibitisha ni kwamba kinachopandisha bei ni uchache na wala si usafi wa karatasi. Pale ambapo zilizobaki dukani ni nyingi na zilizosafiri ni chache, bei nayo hugeuka. Ujerumani ya mwaka 1923 ndiyo ushahidi mkubwa wa jambo hili. Fedha yao iliporomoka hata posta ikafikia kuchapa stempu ya Mark bilioni 50, na nauli ya barua ikawa inapanda mara kwa mara, kiasi kwamba stempu iliyochapwa leo huenda isitoshe kitu baada ya muda mfupi tu. Nyingi zilitumika kwa kipindi kifupi mno, kisha fedha mpya ikaingia na marundo ya stempu hizo yakabaki bila kazi. Kwa hiyo zile ambazo hazijatumika huuzwa kwa bei ya kutupa mpaka sasa, ilhali zile zilizobeba barua kweli katika siku zake zinaweza kuwa ghali mara nyingi zaidi, hata waghushi wakaona faida kuzigonga mihuri ya bandia, na mkusanyaji makini hakubali kulipa bei hiyo mpaka muhuri uwe umekaguliwa na mtaalamu.

Lakini hatuna haja ya kwenda mpaka Ujerumani. Kuanzia mwaka 1875 hadi 1895 barua za Unguja zilipita katika ofisi ya posta iliyoendeshwa na utawala wa Uhindi, na stempu zilizouzwa pale dirishani zilikuwa za Uhindi tupu, zilezile zilizouzwa Bombay na Karachi, zisizo na neno wala alama yoyote ya visiwa vyetu. Stempu hiyo ikiwa safi, haijatumika, haina namna ya kukuambia kwamba iliwahi kuvuka bahari, na bei yake ni ya stempu ya Uhindi ya kawaida. Ikiwa na muhuri wenye neno ZANZIBAR, inahesabiwa kuwa stempu iliyotumika Zanzibar, na wakusanyaji huilipia zaidi kuliko mwenzake aliyegongwa muhuri kule Uhindi. Mwaka 1895 ndipo neno Zanzibar lilipoanza kupigwa chapa juu ya stempu hizo za Uhindi, na mwaka uliofuata zikatoka zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini.

Lamu ina kisa kikubwa zaidi. Kati ya 1888 na 1891 Wajerumani, waliokuwa na maslahi Witu, usultani mdogo wa bara jirani na Lamu, waliweka pale wakala wa posta, na stempu walizotumia zilikuwa za Ujerumani zisizo na chapa yoyote ya ziada. Hakuna kitu kinachoitwa stempu ya Lamu ambayo haijatumika. Kilichopo ni stempu ya kawaida ya Kijerumani, ambayo mwenye duka Hamburg angeweza kuibandika kwenye barua ya kumwendea jirani yake, na thamani yote, ambayo si ndogo, iko katika duara la wino lenye jina la mji. Simshauri mwanafunzi akaitafute, kwa sababu bei haitamwelekea na mihuri ya kughushi ipo. Ninaitaja kwa kuwa mtu aliyekwisha kuelewa kisa cha Lamu hawezi tena kusema kwamba muhuri huua stempu.

Kwa mfuko wa mwanafunzi iko njia nyepesi ya kuonja jambo lilelile. Stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zenye picha ya Hohenzollern, meli ya anasa ya Kaizari, zilizotolewa kwanza kwa sarafu iliyoitwa pesa na baadaye kwa ile iliyoitwa heller, zilichapwa nyingi, na zile za viwango vya chini bado hazijawa ghali. Ukizinunua mpya utapata meli moja katika rangi mbalimbali, basi. Ukizinunua zilizotumika, kila moja itakuja na mji wake: Daressalam, Tanga, Tabora, Wilhelmstal ambayo ndiyo Lushoto ya leo, Neu-Langenburg ambayo ni Tukuyu, na Bismarckburg, yaani Kasanga, kule mwisho wa Ziwa Tanganyika. Mihuri ya ofisi ndogo huwa na bei kubwa kuliko ile ya miji ya bandari, na kijana anayejifunza kusoma muhuri uliofifia anaweza kuikuta ile adimu ndani ya mchanganyiko wa bei rahisi, hata kama muuzaji mwenyewe hakuiona. Katika stempu mpya bahati ya namna hiyo ni nadra, kwa kuwa muuzaji anajua anachouza.

Sasa nije kwenye gundi, ambayo mwandishi wenu aliisifu sana bila kutaja hali ya hewa yetu. Bei ya stempu mpya imefungamana na mgongo wake. Soko linatofautisha stempu ambayo gundi yake haijawahi kuguswa na ile iliyowahi kubandikwa katika albamu kwa kikaratasi kidogo cha kukunja, na kwa stempu za karne iliyopita tofauti hiyo peke yake inaweza kumeza sehemu kubwa ya bei. Stempu iliyopoteza gundi yote hushuka zaidi. Halafu kuna mafundi wa ulaghai wanaopaka gundi mpya juu ya mgongo wa zamani, na kuwatambua kunahitaji uzoefu ambao anayeanza hana. Juu ya hayo yote, sisi tunaishi kando ya bahari. Hewa ya Tanga, ya Mombasa au ya Unguja wakati wa masika hulowesha gundi bila kuuliza, stempu zikashikana zenyewe kwa zenyewe au zikanata kwenye ukurasa wa albamu, na madoa ya kahawia ya ukungu yakajitokeza mgongoni kisha yakapenya mpaka mbele. Nimeona albamu za watu waliozipenda stempu zao kwa dhati zikiwa zimeharibika namna hiyo. Anayetaka kutunza stempu mpya huku kwetu anahitaji chumba kikavu, vifuko vya kunyonya unyevu, albamu nzuri isiyotengenezwa kwa plastiki ya bei rahisi, na moyo wa kuzipekua mara kwa mara ili zipate hewa; na hata baada ya gharama hiyo, anacholinda ni ute mkavu ambao hata hauonekani stempu ikiwa imepangwa. Stempu iliyotumika imekwisha kuloweshwa na kukaushwa. Inahitaji ukavu pia, kwa sababu ukungu haubagui, ila haina gundi ya kuinatisha na bei yake haitegemei mgongo.

Kuna faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya bei. Stempu zilizotumika huuzwa kwa mafungu, nyingine kwa uzito zikiwa bado zimeshika vipande vya bahasha, na katika wingi ndimo mtu hujifunzia. Chukua stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, zilizochapwa kuanzia 1938 hadi 1954: simba, jahazi la Ziwa Victoria, mlima Kilimanjaro. Picha zilibaki zilezile, lakini zilivyokuwa zikichapwa tena na tena meno ya ukingoni yalibadilika, na baadhi ya michapo yenye meno ya kipimo fulani ni adimu kuliko mingine. Meno hupimwa kwa kuhesabu yaliyomo katika urefu wa sentimita mbili, na kipimo chake ni kipande cha kadi kisichogharimu sana. Mwanafunzi mwenye rundo la stempu hizo zilizotumika atakaa jioni nzima akipima, akizigeuza kuona alama ya maji, yaani ile alama hafifu iliyomo ndani ya karatasi, akilinganisha rangi, na mwishowe atakuwa amejua karatasi, wino na uchapaji kwa vidole vyake mwenyewe. Mwenye seti moja mpya ndani ya plastiki hathubutu hata kuigusa.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka kwamba kila stempu yenye wino juu yake ni nzuri, maana neno “iliyotumika” limebeba mambo matatu tofauti, na hapa ndipo safu yenu ingeweza kuwasaidia vijana kuliko mahali pengine popote.

La kwanza ni stempu iliyobeba barua, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiizungumzia. La pili ni ile iliyotumika kulipia ushuru wa hati. Toleo la Kenya na Uganda lililoanza mwaka 1922, lenye sura ya Mfalme George wa Tano, lilianzia senti moja likapanda mpaka pauni 100, na msomaji atakubaliana nami kwamba hapakuwa na barua ya kutozwa nauli ya pauni 100 katika Kenya ya wakati ule. Stempu hizo kubwa zilibandikwa zaidi kwenye hati, zikafutwa kwa kalamu au kwa mihuri ya ofisi, na zilizofutwa hivyo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya zile safi. Wako waliozisafisha wino wa kalamu na kuzigonga muhuri wa posta wa uongo ili zionekane zilisafirisha vifurushi. Kwa hiyo ukiona stempu ya pauni nyingi ina muhuri wa posta unaong’aa na bei ya kuvutia, iache.

La tatu ni stempu zilizogongwa muhuri kwa agizo la muuzaji, karatasi nzima nzima, bila kuona barua. Utazitambua kwa muhuri nadhifu uliokaa pembeni kabisa mwa stempu huku gundi yote ikiwa bado mgongoni. Wenye ndugu Ghuba wanazifahamu hata kama hawajui historia yake: yale magari, maua, wanariadha na vyombo vya anga vya Ajman, Fujairah, Sharjah, Umm al Quwain na Ras al Khaima, pamoja na Manama, kijisehemu cha Ajman, yaliyomwagwa sokoni katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Nyingi hazikuwahi kukaribia sanduku la barua. Zinapendeza, na mtoto wa miaka minane atazifurahia, lakini ni vizuri alipe bei ya picha, asilipe bei ya stempu. Tanzania nayo, katika miaka ya 1980 na 1990, ilitoa kwa wingi stempu zenye mada za ng’ambo ambazo mnunuzi aliyelengwa hakuwa mtu wa Dodoma wala wa Songea. Za namna hiyo zikiwa mpya ziko tele. Bahasha halisi iliyotumwa na mtu kutoka mjini kwake ikiwa na mojawapo, yenye muhuri unaosomeka, si rahisi kuipata, na inazidi kuwa ngumu sasa ambapo watu wanaandikiana kwa simu na taasisi zinatumia mashine za kugonga nauli badala ya stempu.

Upande wa pili nao una haki yake. Zipo stempu ambazo hupatikana zikiwa hazijatumika kwa sababu hazikuwahi kutolewa, na mojawapo ilizaliwa milimani hapa jirani na kwetu. Mwaka 1916, Wajerumani walipoishiwa stempu kwa sababu ya vita na kuzibwa kwa njia za bahari, ziliagizwa stempu za dharura kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Kiinjili ya Wuga, katika milima ya Usambara, za heller mbili na nusu, za heller saba na nusu na za rupia moja. Kabla hazijaanza kuuzwa, meli ikafika na shehena ya stempu kutoka Ujerumani, na hizo za Wuga zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa Waingereza, zikaja kufukuliwa baada ya vita na kupelekwa Berlin. Hapo hakuna swali la iliyotumika na isiyotumika. Kadhalika stempu za Mafia, zilizopigwa neno MAFIA baada ya Waingereza kukitwaa kisiwa hicho mwaka 1915, zimeghushiwa mno kiasi kwamba anayeanza azipite kwa mbali, ziwe na muhuri au zisiwe nao.

Ikiwa mwanafunzi atafuata ushauri wangu, jambo moja linahitaji tahadhari, nalo ni haraka ya kubandua. Stempu ya kawaida iliyo kwenye kipande cha bahasha nyeupe huwekwa katika maji safi yasiyo ya moto, ikaachwa mpaka ijiachie yenyewe, kisha ikalazwa kifudifudi juu ya karatasi safi ikauke. Lakini bahasha za rangi, hasa nyekundu, huchuja zikaipaka stempu. Baadhi ya stempu za kikoloni za rangi ya zambarau na kijani zilichapwa kwa wino uliokusudiwa kutoka ukiguswa na maji, ili watu wasizioshe na kuzitumia tena. Na stempu nyingi za kisasa za kujibandika zenyewe hazibanduki kwa maji hata kidogo. Bahasha yenyewe mara nyingi ina thamani kuliko stempu peke yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu za Zanzibar zilizokuwa na sura ya Sultani ziligongwa kwa mkono maneno JAMHURI 1964, na kwa kuwa muhuri wa mkono ni rahisi kuigwa, stempu mpya yenye maneno hayo inaweza kuwa imegongwa na mtu yeyote, wakati wowote. Bahasha kamili iliyoondoka Wete au Chake Chake katika miezi ile, ikiwa na tarehe inayosomeka na anwani ya mtu aliyeipokea, ina ushahidi wa kuitetea. Mtu akiikata hiyo na kuilowesha ili apate stempu safi ya kupachika katika albamu, atakuwa ametupa sehemu bora ya alichokuwa nacho.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naiomba safu ya vijana irudi kwenye mada hii na iwaambie wanafunzi kwamba hawahitaji fedha ya kununua seti mpya ndipo waanze. Waanze na bahasha zilizomo nyumbani, kwa babu na bibi, na katika maduka ya zamani yaliyokuwa yakiagiza mali kwa barua. Na kwa wakuu wa ofisi, shule, misikiti na makanisa, ambao kila baada ya miaka kadhaa huamuru majalada ya zamani yachomwe, ombi langu ni kwamba, pale ambapo sheria na siri za watu zinaruhusu, bahasha zitolewe kwanza na zikabidhiwe kwa kijana anayezitaka, zikiwa nzima, bila kukatwa pembe wala kubanduliwa chochote.

Wako mwaminifu,
Mkusanyaji wa stempu,
Tanga